Mafuta ya Ndugu wa Pili

Mwaka 2006 Cuba ilimwagiwa sifa kwa jambo ambalo yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kuliacha. Shirika la uhifadhi la WWF, katika ripoti yake ya mwaka huo, liliitaja kuwa nchi pekee duniani ambayo wananchi wake walikuwa na afya na elimu ya kuridhisha bila kula zaidi ya fungu lao la ardhi, maji na misitu. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya Kimarekani iliyosimulia jinsi kisiwa hicho kilivyonusurika pale mafuta yalipokatika. Wageni wakamiminika Havana kutazama saladi na figili zilizooteshwa katikati ya majengo ya ghorofa, wakapiga picha maksai wakilima, wakarudi makwao na bashasha. Bandarini, nyuma ya migongo yao, meli za Venezuela zilikuwa zikishusha mafuta, yapata mapipa 90,000 kwa kila siku ya mwaka, kwa masharti ambayo ni ndugu tu humpa ndugu.

Tarehe 18 Oktoba 2024, saa tano asubuhi, umeme ulikatika Cuba nzima kwa mpigo. Mtambo mmoja ulizimika, ule wa Antonio Guiteras ulioko Matanzas, mkubwa kuliko yote nchini, na gridi ambayo tayari ilikuwa imeelemewa ikaanguka nao. Watu milioni 10 wakabaki bila umeme. Mafundi waliurudisha ukaanguka, wakaurudisha ukaanguka tena, na kimbunga Oscar kikaingia mashariki mwa nchi watu wangali gizani. Novemba gridi ikaanguka, Desemba ikaanguka, Machi 2025 ikaanguka, Septemba ikaanguka.

Nchi iliyokuwa darasa la wengine ilifikaje hapo? Wanaoisimulia Cuba huwa wanaanza na baiskeli na kumalizia na bustani, na mimi pia nitapita huko kwa sababu bila hayo kisa hakieleweki. Lakini funzo kwa nchi ndogo yoyote inayojiandaa kuishi bila mafuta ya bei rahisi liko katika miaka ambayo wasimuliaji huiruka, ile ambayo mafuta yalirudi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, ila Cuba ilijaliwa ndugu wawili, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1960 makampuni ya Texaco, Esso na Shell, yaliyomiliki viwanda vya kusafisha mafuta kisiwani, yaligoma kusafisha mafuta ghafi kutoka Moscow. Serikali ya Fidel Castro ikavitaifisha viwanda hivyo. Marekani ikaacha kununua sukari ya Cuba, na mwaka 1962 ikaweka vikwazo kamili vya biashara ambavyo vipo mpaka leo. Kuanzia hapo mafuta yakawa yanakuja kwa meli kutoka upande wa pili wa dunia, na sukari ikawa inakwenda huko kwa bei nzuri kuliko ya soko.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 Cuba ilikuwa ikipokea kama tani milioni 13 za mafuta kwa mwaka. Yalikuwa mengi kiasi kwamba mengine iliyauza nje kupata dola: nchi isiyojitosheleza kwa mafuta ikawa muuza mafuta. Mashamba ya miwa yalilimwa kwa matrekta ya Kisovieti na kumwagiwa mbolea na dawa za viwandani bila kubana. Umeme ulifika karibu kila nyumba, jambo ambalo nchi nyingi za ukanda ule zilikuwa bado zinaliota. Karibu na Cienfuegos, mahali paitwapo Juraguá, mwaka 1983 ukaanza ujenzi wa kituo cha umeme wa nyuklia, kwa vinu vya Kisovieti. Yaani hata ule mpango wa kupunguza uraibu wa mafuta ulikuwa mpango wa kumtegemea yuleyule aliyeleta mafuta. Kazi ilisimama mwaka 1992. Majengo yake bado yamesimama, na hayajawahi kutoa hata uniti moja ya umeme.

Meli zilipoanza kuchelewa, mwaka 1990, Castro alitangaza kile alichokiita Kipindi Maalumu Wakati wa Amani. Jina hilo lilitokana na mipango ya vita, kwani Cuba ilikuwa imejipangia namna ya kuishi iwapo Marekani ingekizingira kisiwa kisiingie wala kutoka kitu. Hakikuzingirwa na manowari hata moja. Ndugu alifariki tu: Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na mikataba yake ikazikwa nao. Kati ya 1989 na 1993 uchumi wa Cuba ulisinyaa kwa kama theluthi.

Umeme ulikatwa hadi saa 16 kwa siku. Serikali iliagiza zaidi ya baiskeli milioni moja kutoka China, zikiwemo Phoenix, zilezile zilizobeba mkaa na ndizi huku kwetu Tanzania miaka nenda rudi. Wahadhiri na wafanyakazi wa ofisini waliokuwa wakipelekwa kazini kwa basi wakajikuta wanapiga pedali kwenye jua la kitropiki na tumbo lililo nusu. Mjini Havana likazuka basi la ajabu, tela refu la lori lililotobolewa madirisha na kuinuliwa mbele na nyuma hata likafanana na mgongo wa ngamia, na wenyewe wakaliita hivyo hivyo, ngamia. Lilimeza watu 200, siku mbaya 300. Vijijini matrekta yalikaa bila dizeli na bila vipuri, na wazee waliojua kufunza maksai kuvuta plau, ujuzi ambao vijana walikuwa wameshaucheka, wakafuatwa majumbani kwao kwa heshima zote. Wasomaji wetu waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliopanga foleni alfajiri kwa kipande cha sabuni, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Watu wazima walikonda kwa wastani wa kilo nne, tano. Watafiti waliochambua takwimu miaka ya baadaye waligundua kuwa vifo vya kisukari na vya maradhi ya moyo vilipungua katika kipindi hicho, kwa kuwa watu walikula kidogo na kutembea sana, na matokeo hayo hunukuliwa mara nyingi na watu walioshiba. Yanayonukuliwa kwa nadra ni macho. Kati ya 1992 na 1993 zaidi ya Wacuba 50,000 walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Wengi waliona katikati ya kila wanachokitazama kumeingia ukungu, wasiweze kusoma wala kutambua uso. Wengine miguu iliwawaka na kufa ganzi. Mwanzoni kirusi kilishukiwa. Chanzo kikuu kikaja kuonekana kuwa ni mlo: vitamini za kundi B zilikosekana kwa watu waliokuwa wakitoka jasho kuliko zamani na kula vibaya kuliko zamani, na wavuta tumbaku ndio walioumia zaidi. Serikali iligawa vidonge vya vitamini nchi nzima na mlipuko ukatulia. Agosti 1994 watu wa Havana waliingia barabarani kwa hasira kwenye ukuta wa bahari, na katika majira yale ya joto zaidi ya 30,000 walijitosa baharini kwa maboya na mbao zilizofungwa kamba, wakielekea Florida. Mtu akikuambia Cuba ilivuka salama, muulize amewahesabu akina nani.

Hata hivyo kisiwa hakikufa njaa, na sababu zake zinastahili kutazamwa polepole, maana nyingi hazikubuniwa wakati wa dhiki. Wanasayansi wa Cuba walikuwa wakichunguza kuvu na wadudu wanaoua visumbufu vya mazao tangu zama ambazo dawa za viwandani zilikuwa zikiingia kwa wingi, na hakuna aliyekuwa na haraka na kazi yao. Dawa zilipokosekana ujuzi ulikuwa tayari, na maabara ndogo za kuzalisha viumbe hao zikafikia zaidi ya 200 nchini kote. Daftari la mgawo wa chakula lilikuwepo tangu 1962, kwa hiyo kidogo kilichopatikana kiligawanywa bila watu kukanyagana. Mpango wa kuweka daktari wa familia mitaani ulikuwa umeanza mwaka 1984, na ndiyo maana ugonjwa wa macho ulionekana mapema na vidonge vikafika hadi kijijini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoanzishwa kwa ajili ya siku mafuta yatakapokatika. Vilikuwepo, basi.

Yaliyofanywa wakati wa dhiki yenyewe yalikuwa hasa ya sheria. Septemba 1993 mashamba makubwa ya serikali yalivunjwa na kukabidhiwa vyama vya ushirika. Oktoba 1994 masoko ya wakulima yakafunguliwa tena, mkulima akiisha kutimiza fungu la serikali akawa huru kuuza ziada kwa bei ya mapatano. Mijini viwanja vitupu vikagawiwa, watu wakajenga matuta ya kuzungushia tofali, wakajaza mboji, wakaotesha. Nionavyo mimi, yale masoko yalifanya kazi kubwa kuliko baiskeli zote milioni moja, lakini soko la ziada halipendezi kwenye picha kama maksai. Na bustani zilizosifiwa zililisha miji mboga. Mchele, ngano, mafuta ya kupikia na kuku viliendelea kwa sehemu kubwa kuja kwa meli.

Ndugu wa pili alikuja kwa jina la Venezuela. Tarehe 30 Oktoba 2000, jijini Caracas, Hugo Chávez na Castro walitia saini mkataba wa mapipa 53,000 kwa siku, ambayo Cuba ingeyalipia kwa huduma, hasa za madaktari. Miaka michache baadaye mapipa yakakaribia 100,000, na wahudumu wa afya wa Cuba waliokuwa Venezuela wakapita 30,000. Sioni aibu yoyote katika biashara hiyo. Nchi yenye madaktari na isiyo na mafuta ilibadilishana na nchi yenye mafuta na ambayo mitaa yake ya maskini haikuwa na daktari. Ni mapatano ya akili kuliko mengi tunayotia saini sisi. Lawama yangu ni kwa yaliyofanyika kisiwani baada ya mafuta kufika.

Baiskeli zilikwenda kwanza. Ngamia yakastaafishwa, yakaletwa mabasi ya Yutong kutoka China, na hakuna Mcuba aliyeyalilia. Mimi pia nisingeyalilia. Ila baiskeli nazo zikaachwa zichakae, vipuri vikaadimika, njia zilizotengewa waendesha baiskeli zikamezwa na magari. Zilikuwa zimekuja pamoja na njaa, na watu wakazichukia pamoja na njaa. Hilo ni kosa la mipango ambalo halitajwi vya kutosha: kitu chema kikiletwa kama adhabu, siku adhabu ikiisha kitatupwa, hata kama kingefaa wakati wa neema.

Kisha ikaja zamu ya miwa, na hapa ndipo hasara ilipo kubwa. Cuba ilikuwa na viwanda 156 vya sukari. Mwaka 2002, bei ya sukari ikiwa chini duniani, serikali iliamua kufunga karibu nusu yake. Ukihesabu sukari peke yake uamuzi unaeleweka. Lakini kiwanda cha sukari ni kituo cha umeme pia: makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa huchomwa kwenye boila, mvuke ukazungusha mtambo, kiwanda kikajitosheleza na ziada ikaingia kwenye gridi. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, hujifulia umeme kwa njia hiyo. Mauritius, kisiwa ambacho kingeingia ndani ya Cuba mara hamsini, kwa miaka mingi kilipata zaidi ya asilimia 10 ya umeme wake kutokana na makapi ya miwa. Brazili ilikwenda mbali zaidi, magari yake yakanywa ethanoli. Cuba ilikuwa na miwa ya karne kadhaa, wahandisi wa miwa, reli za miwa, na mwaka 1990 ilitoa yapata tani milioni 8 za sukari. Mwaka 2023 ilitoa kama tani 350,000. Ilianza kuagiza sukari kutoka nje.

Mashamba yaliyoachwa hayakubaki matupu. Yalitwaliwa na marabú, mti mfupi wa miiba wenye asili ya Afrika, ambao hata huku kwetu umejaa kwenye malisho yaliyochoka. Ulifunika zaidi ya hekta milioni moja. Mwaka 2020 kikakamilika kituo cha umeme cha Ciro Redondo, kilichokusudiwa kuchoma makapi ya miwa wakati wa msimu na magogo ya mti huohuo wa miiba nje ya msimu. Wazo zuri sana. Kilikuwa kimoja, na kilikuja miaka kumi na minane baada ya viwanda kufungwa.

Jambo la tatu ni gumu kulilaumu kwa sababu lilifanywa kwa nia na akili. Mwaka 2004 mtambo wa Guiteras uliharibika, mgawo wa umeme ukarudi, watu wakakumbuka miaka ya 1990. Castro akajibu kwa kampeni kubwa iliyopewa jina la Mapinduzi ya Nishati, mwaka 2006. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakibadilisha balbu za zamani, mamilioni ya balbu, wakabadilisha na majokofu yaliyokuwa yakila umeme kama moto wa nyika. Familia zikapewa majiko ya umeme na sufuria za umeme za kupikia wali, wakaachana na mafuta ya taa. Sambamba na hayo, jenereta za dizeli na za mafuta mazito zikafungwa kwa mamia katika kila pembe ya nchi, ili mtambo mkubwa ukizimika au kimbunga kikikata nyaya, kila mji ubaki na umeme wake. Wahandisi waliusifu mpango huo, na kwa vimbunga ulifaa kweli. Mitambo ilitawanywa nchi nzima, na yote ikawa inakunywa kutoka meli zilezile. Na yule mama aliyekuwa na jiko la mafuta ya taa sasa hakuwa nalo. Oktoba 2024 watu walipika kwa kuni na mkaa kwenye vibaraza vya mjini.

Mwaka 2014 serikali ilijiwekea lengo: ifikapo 2030, asilimia 24 ya umeme itokane na jua, upepo, maji na makapi ya miwa. Miaka kumi baadaye ilikuwa bado inazungukazunguka asilimia 5. Haki isemwe, mwaka 2006 paneli za sola zilikuwa ghali, na mtu aliyesema Cuba ijitandaze sola wakati ule angeonekana hana hesabu. Kufikia 2014 hesabu ilikuwa imebadilika. Lakini hiyo ndiyo miaka ambayo fedha za umma zilimiminwa kwenye mahoteli kwa matumaini ya watalii, mara kadhaa zaidi ya zilizokwenda kwenye kilimo. Havana imepata hoteli ya ghorofa zaidi ya arobaini, ndefu kuliko jengo lolote la mji huo, iliyofunguliwa mwaka 2025 katikati ya mitaa yenye giza. Sikumbuki kejeli kubwa kuliko hiyo iliyowahi kujengwa kwa zege.

Ndugu wa pili hakufa ghafla kama wa kwanza. Aliugua polepole, na hilo lingepaswa kuwa bahati. Chávez alifariki Machi 2013. Uzalishaji wa mafuta wa Venezuela ulianza kuporomoka kwa uendeshaji mbovu, kisha mwaka 2019 Marekani ikaiwekea kampuni ya taifa ya mafuta vikwazo. Meli za kwenda Cuba zikapungua mwaka hadi mwaka. Septemba 2019 Rais Miguel Díaz-Canel alisimama kwenye televisheni kutangaza upungufu wa mafuta, na zikasikika tena habari za maksai. Cuba huchimba mafuta yake kidogo, lakini ni mazito na yana salfa nyingi, hutafuna mabomba ya boila za mitambo ambayo mingi imepita miaka 30. Ikakodi kutoka kampuni ya Kituruki meli zenye mitambo ya umeme, zikafunga gati, na zenyewe zikahitaji mafuta. Agosti 2022 radi ilipiga tangi la mafuta Matanzas, moto ukaruka tangi hadi tangi kwa siku kadhaa, na sehemu kubwa ya kituo ikateketea. Kuanzia siku mgonjwa alipoanza kukohoa hadi gridi ilipoanguka ilipita zaidi ya miaka kumi. Nchi haikuambiwa ghafla. Iliambiwa kila mwaka.

Na vikwazo vya Marekani je? Ni vya kweli, vimeongeza gharama ya kila kipuri na kila mkopo, na mwandishi anayesimulia Cuba bila kuvitaja anadanganya. Boila la Guiteras lingetengenezwa vizuri zaidi kama Cuba ingekuwa na uhuru wa kununua. Lakini vikwazo havikufunga viwanda vya sukari, wala havikuamua hoteli itangulie paneli. Zaidi ya hapo, nchi inayojua kuwa jirani yake mkubwa anaitakia mabaya ina sababu zaidi, si chache, za kutotegemea meli.

Sasa sola imekuja, kwa kasi ambayo ingestahili pongezi ingekuja mapema. Kwa msaada wa China, mpango wa mwaka 2025 ulikuwa kujenga vituo zaidi ya 50, kila kimoja kikiwa na karibu megawati 22. Mchana gridi imepata nafuu inayoonekana. Jioni ni hadithi nyingine. Wacuba, kama sisi, hurudi nyumbani magharibi, wakawasha taa, feni na jiko, na saa hiyo jua limezama. Upungufu wa usiku umeendelea kufika megawati 1,500 na zaidi, kwa kuwa betri za kuhifadhi umeme wa mchana ni chache mno. Kituo cha sola bila betri, katika nchi yenye gridi iliyochoka, hupunguza mafuta yanayochomwa mchana, na hilo ni jema, lakini hakiondoi utegemezi saa ambayo watu wanauhisi.

Turudi sasa nyumbani, maana Matanzas si jina geni Unguja. Chuo kikuu cha mji huo kilisaidia kuanzisha mafunzo ya udaktari Zanzibar mwaka 2007. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Mei 2008, umeme unaoletwa Unguja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, ulikatika, na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, kina mama wakabeba ndoo kutoka visimani, mahoteli na maduka yakanunua jenereta na dizeli. Unguja ilionja Kipindi Maalumu chake, kifupi, kisicho na macho yaliyofifia, lakini cha aina ileile: chanzo kimoja, kutoka nje, hakuna mbadala.

Waya mpya, mkubwa zaidi, ulizinduliwa mwaka 2013 kwa fedha za msaada wa Marekani. Ulihitajika, sina ugomvi nao. Ninachouliza ni kile ambacho Wacuba hawakujiuliza mwaka 2000: tulicholazimika kukitamani wakati wa giza, tulikifanya mwanga uliporudi? Umeme unaopita kwenye waya huo sehemu yake hutokana na gesi ya Songo Songo na Mtwara na sehemu nyingine na maji ya Rufiji, vyote neema, vyote vya upande wa pili wa bahari. Boti za Pemba na Dar, bodaboda, magari ya watalii, hayo yote yanakunywa mafuta yaliyotoka Ghuba. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei, serikali ya Muungano iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali. Mazungumzo ya mabasi ya umeme na usafiri wa pamoja yalikuwa moto wakati ule. Bei zilipotulia, moto ukapoa.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama Unguja imejifunza kitu asipoteze muda na maandiko ya dira za mwaka 2050. Aende akahesabu ni visima vingapi vya maji ya umma vyenye pampu inayoweza kufanya kazi siku tatu bila waya wa Ras Kiromoni. Aulize betri za pampu hizo zitabadilishwa na nani zikichoka, na kama fedha za kuzibadilisha zimo kwenye bajeti ya mwaka huu, ambao umeme upo.